Kabla ya kununua softiboksi, pima kwanza sebule yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kuna msomaji wa hapa hapa Mbeya aliandika kwamba sisi tunaopiga picha majumbani tunawatoa watu nyuso zinang'aa kama zimemwagiwa mafuta ya kula, macho mekundu, ukutani nyuma kuna kivuli cheusi utadhani kuna mtu wa pili amesimama, na akamalizia kwamba bora mtu aende studio za zamani akae kwenye stuli apigwe pasipoti saizi yake aondoke. Iliniuma, ila nilivyotulia nikaona kwenye malalamiko yuko sahihi kabisa, alipokosea ni kwenye sababu. Yeye anasema ubaya ni flashi. Mi nasema flashi haina kosa, kosa liko kwenye kile tunachokiweka mbele ya flashi, au tusichokiweka, na hata tukiweka tunachagua kwa kuangalia vifaa vya wenzetu kwenye simu badala ya kuangalia chumba tulichonacho.

Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Ilomba, napiga picha sebuleni kwangu na kwenye sebule za wateja. Ubatizo, kipaimara, mtoto katimiza mwaka, mahafali, wazee ambao familia inataka picha yao nzuri wakiwa bado wapo. Huu mwaka wa sita.

Hilo la macho mekundu na kivuli cha ukutani nilimalize haraka. Flashi ikikaa juu ya kamera iko karibu mno na lenzi, mwanga unaingia jichoni unarudi moja kwa moja, ndo wekundu ule, na kivuli kinaenda kudondoka nyuma ya mtu ukutani. Itoe flashi kwenye kamera, iweke pembeni kwenye stendi, iwashe kwa triga, kile kifaa cha kuiwasha flashi kwa mbali bila waya, hayo mawili yanaisha siku hiyo hiyo. Kinachobaki ni ule mng'ao na ukali wa vivuli, na hapo ndo kuna maneno.

Kuna kitu mtu yeyote wa Mbeya anakijua bila kusomea. Angalia saa saba mchana mwezi wa tisa, hamna wingu, kivuli cha mtu kinakatika kama kimechanwa na wembe, chini ya macho panakuwa peusi, pua inaweka doa mdomoni. Afu angalia siku ya masika ukungu umeshuka, mlima Loleza wote umefunikwa huuoni, mtu akisimama uani uso wake uko sawa pande zote na kivuli unakitafuta. Jua ni lile lile. Tofauti ni kwamba siku ya jua kali mwanga unatoka kwenye kitobo kimoja kidogo angani, siku ya ukungu mbingu nzima ndo imekuwa taa. Flashi ikiwa uchi, kile kioo chake kidogo cha upana wa vidole vitatu vinne, ni jua la saa saba. Modifaya, yaani kile unachokiweka mbele ya flashi, iwe mwavuli, softiboksi (boksi la kitambaa lenye uso mweupe mbele), okta (softiboksi ya pembe nane) au shuka, kazi yake ni kuwa ukungu, yaani kuupokea mwanga mdogo na kuutandaza mpaka taa ionekane kubwa mbele ya uso wa mtu.

Nasisitiza mbele ya uso wa mtu. Jua lenyewe ni kubwa kuliko dunia lakini liko mbali ndo maana linatupa kivuli kikali. Softiboksi ya sentimita 60 ikiwa sentimita 60 kutoka usoni inalainisha karibu sawa na ya 120 iliyowekwa sentimita 120. Hiki ndo kitu ambacho watu wanauziwa vifaa vikubwa bila kuambiwa.

Kuna kijana alinijia kutoka Makambako mwaka jana, kaanza biashara, kachukua mkopo kwenye kikundi chao, kaingia kwenye duka moja akaomba ushauri wakamwambia picha za watu zinahitaji okta kubwa, akanunua ya 120 na stendi yake. Akaja nayo mpaka kwangu kwenye begi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu, pole na safari."

"Ahsante. Mama hii kitu imenishinda, picha zinatoka mwanga unatokea chini kama mtu anaota moto."

Nikamuuliza silingi bodi ya chumba chake iko juu kiasi gani, hakuwahi kupima. Tukampigia mke wake simu akapima kwa futi kamba, mita mbili na nusu. Sasa piga hesabu. Mtu mzima akisimama ana mita moja na sentimita 70, taa unataka iwe juu kidogo ya macho yake ili kivuli cha pua kishuke vizuri, tuseme katikati ya okta ikae mita mbili na kumi. Nusu ya okta ni sentimita 60. Jumla mita mbili na sabini, yaani okta inatakiwa itoboe silingi iingie darini. Haiwezi, kwa hiyo alikuwa anaishusha, na ikishuka mwanga unakuja usawa wa kifua, ndo ule moto wa jikoni aliousema. Nikamwambia asiiuze, awakalishe watu. Mtu akikaa kwenye stuli macho yake yanashuka mpaka kama mita moja na ishirini na okta inapata nafasi ya kupumua juu. Alifurahi, ila kusema kweli kwa chumba kile softiboksi ya 60 ingemtosha na mkopo ungekuwa nusu, na hili ndo linaloniuma, kwamba hakuna aliyemuuliza chumba chako kikoje.

Mi mwenyewe nilianza na mwavuli mweupe, ule wa kupitisha mwanga, kwa sababu ndo ulikuwa bei rahisi na watu wengi wanashauri uanzie hapo, na sio ushauri mbaya. Una sifa moja kubwa, unaweza kuusogeza mpaka karibu kabisa na uso. Ule mwingine mweusi kwa nje wenye fedha ndani unaakisi, mpini wake na mgongo wa flashi vinakuwa upande wa mtu, ukisogeza sana utamchoma mtu jicho. Basi nikautumia mwavuli mweupe sebuleni kwangu, ukuta mweupe, silingi nyeupe, picha tamu sana. Wiki iliyofuata nikaitwa Iyunga kumpiga picha binti wa kipaimara, nikafika nyumba ya kupanga, ukuta chini nusu umepigwa rangi ya mafuta ya bluu kama tunavyopenda ili watoto wasichafue, juu mabati matupu hamna silingi. Nikapiga na mwavuli wangu ule ule na mipangilio ile ile. Binti alikuwa na gauni jeupe. Nilivyofungua picha kwenye kompyuta upande mmoja wa uso uko vizuri, upande wa kivuli una ubluu kama mtu mgonjwa, na gauni limekuwa na madoa ya bluu kwenye mikunjo. Nilihangaika na rangi kwenye programu usiku mzima, ukirekebisha kivuli unaharibu upande wa pili, maana ni mwanga wa rangi mbili kwenye uso mmoja. Mama yake aliipokea hakusema kitu, lakini nilimwona anavyoiangalia.

Kilichotokea ni hivi. Mwavuli mweupe unapitisha sehemu ya mwanga na sehemu nyingine unairudisha nyuma, unasambaa chumba kizima, unagonga kuta unarudi kwa mtu. Kwangu ukutani ni kweupe kwa hiyo ule uliorudi ulikuwa unanisaidia kujaza kivuli bila mi kujua. Iyunga uligonga bluu ukarudi bluu, na uliopanda juu ukapotelea kwenye mabati. Kumbe kifaa nilichokuwa nakisifia nusu ya kazi yake ilikuwa inafanywa na ukuta wangu.

Na hapo hapo niseme kuhusu vile vikofia vya plastiki vyeupe vinavyovalishwa kichwani mwa flashi, vinauzwa sana na kila kijana anacho. Kikofia kile hakiongezi ukubwa wa taa kiasi cha maana, kinautawanya tu mwanga ukagonge ukuta na silingi, vyenyewe ndo vilainishe. Kwenye chumba cheupe chenye silingi ya chini kitakusaidia. Ukiwa uani jioni, au ukumbini penye dari la mbali, au chini ya mabati, kinachobaki ni kula betri zako.

Kwa hiyo kwa nyumba zetu nyingi za huku, kuta za rangi, vyumba vidogo, mi nachagua softiboksi. Sio kwamba inalainisha kuliko mwavuli wa ukubwa ule ule, hapana, tofauti ni kwamba pembeni na nyuma imezibwa kwa kitambaa cheusi, mwanga unatoka mbele tu, na ukiongeza ile gridi, kile kitambaa chenye viboksi boksi cha kubandika mbele, hata pembeni hausambai. Ila inakula mwanga, kitambaa cha ndani na cha mbele kwa pamoja vinaweza kukunyang'anya stopu mbili, yaani mwanga unabaki robo, lazima ujue hilo kabla hujashangaa mbona picha nyeusi. Ukiwa na flashi ndogo ya betri nne inatosha kabisa ukisogea karibu. Mi kwa kawaida naanza na ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/5.6 (tundu la lenzi), spidi 1/160 ya sekunde, flashi 1/16 ya nguvu yake, afu napanda au nashuka kutokana na ngozi ya mtu na nguo. Spidi usivuke 1/200 au 1/250 kutegemea kamera yako, utaona mkanda mweusi umekata picha. Na zima taa ya chumba jamani, zile balbu za kuokoa umeme zina rangi yake na yenyewe inataka kuingia usoni.

Usiiachie flashi ijipimie yenyewe ukipiga nguo za ubatizo. Ikiona weupe mwingi inapunguza nguvu na uso wa mtoto unazama. Weka kwa mkono.

Sasa kusogea karibu kuna faida nyingine ambayo ndo imeniokoa kwenye kuta za bluu, kijani, pinki na zile zenye maua. Mwanga unapungua haraka sana unavyoenda mbali, umbali ukizidi mara mbili unabaki robo, ukizidi mara tatu inabaki moja ya tisa. Weka softiboksi sentimita 70 kutoka usoni, mvute mtu atoke ukutani mpaka ukuta uwe mita mbili na kumi kutoka kwenye taa, yaani mara tatu, ukuta unapata moja ya tisa ya mwanga wa usoni, unakuwa giza wenyewe, hujanunua kitambaa cheusi wala nini. Ukiiweka taa hiyo hiyo mita mbili kutoka usoni na ukuta mita moja nyuma yake, ukuta unapata karibu nusu ya mwanga, na picha ya harusi ya shemeji, kalenda na waya wa king'amuzi vyote vinaonekana. Chumba ni kile kile. Hapo ndo nasema kupima kwa futi kunashinda kununua.

Nirudi kwenye mng'ao maana msomaji aliusema kwa uchungu. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi inakausha ngozi, mtu hatoki nyumbani bila mafuta ya mgando, na akijua anaenda kupigwa picha anaongeza. Ngozi nyeusi yenye mafuta ukiipiga na flashi uchi unapata vidoa vyeupe vikali kwenye paji la uso, puani na mashavuni, kwa sababu ngozi inaakisi taa kama kioo, na taa ni ndogo, kwa hiyo unaona taa ndogo kali imejirudia. Ukiweka taa kubwa na karibu, ule mng'ao hauondoki, unatanuka, unakuwa mpana na mpole unapita juu ya shavu na kushuka kwenye taya, na huo ndo unaoonyesha umbo la uso wetu. Ngozi nyeupe umbo lake linaonekana zaidi kwenye vivuli, ya kwetu inaonekana zaidi kwenye mng'ao, ukiuua wote kwa poda uso unakuwa bapa kama karatasi. Mi nampa mteja tishu agandamize kidogo kwenye paji na puani, sio kufuta, basi. Na kwa sababu hii bakuli la bati lile wanaloliita byuti dishi silipendi kwa wateja wa kawaida, linatoa mwanga wenye makali, kwa mtu aliyepakwa make-up na fundi linapendeza, kwa baba aliyetoka shamba Mbalizi linamhesabia kila tundu la ngozi.

Mwezi wa saba nilimpiga picha bibi mmoja aliyeletwa na wajukuu kutoka Tukuyu, miaka zaidi ya themanini, miwani, kitambaa kichwani, kitenge kipya. Wajukuu waliniambia kabisa, dada tunaomba umng'arishe kidogo, wakimaanisha nimfanye mweupe kwenye kompyuta. Nikawaambia ngojeni kwanza. Nikamkalisha kwenye kochi la mbao karibu na mlango, softiboksi ya 60 kwa 90 imesimama wima kulia kwake karibu kabisa nje ya fremu, kushoto nikaegesha ubao wa povu jeupe uliotoka kwenye boksi la friji urudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Miwani ikawa inaonyesha boksi jeupe lote machoni. Nikapandisha taa, nikaisogeza pembeni zaidi, nikamwomba ruhusa nikainua mikono ya miwani nyuma ya masikio kidogo tu ili vioo vitazame chini, boksi likatoka. Mguu wa stendi niliufunga mfuko wa mchanga, hilo nalifanya kila mahali, sebuleni kuna watoto na stendi ikidondoka inamdondokea mtu. Nikapiga kama kumi na mbili. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, akaishika kamera kwa mikono miwili akakaa kimya muda mrefu, afu akasema "ndaga fijo", ahsante sana kwa Kinyakyusa, na akawaambia wajukuu huyu ni mama yake mzazi kabisa, amemwona. Hakuna aliyerudia habari ya kumng'arisha. Mikunjo ilikuwepo yote, weusi wake ulikuwepo wote, na uso ulikuwa unawaka.

Mhariri, hii habari ya kung'arisha nyuso inatoka hapa hapa kwenye mwanga mbaya. Mtu akipigwa na flashi uchi anatoka na madoa na majivu, anaona rangi yake ndo mbaya, anaomba aongezewe weupe, na sisi tunakubali kwa sababu ni rahisi kuvuta kitufe kuliko kusogeza taa. Nawaomba wenzangu tuache.

Na asiyekuwa na hela ya softiboksi asijione yuko nje. Shuka jeupe lisilo na maua, likafungwa mlangoni, flashi ikawa chumba cha pili mita moja na nusu nyuma yake, hiyo ni softiboksi kubwa kuliko nyingi zilizoko dukani, na kuta za kile chumba cha nyuma ndo pembe zake, hakikisha tu rangi zake hazitapita kwenye shuka. Boksi la biskuti lililopakwa rangi nyeupe ndani na kuzibwa na karatasi ya kuokea mikate nimelitumia kwa watoto wachanga. Usiweke nguo karibu na balbu zile za moto zinazowaka muda wote, flashi ya betri ndo salama, na hata hiyo ukiipiga nguvu zote mfululizo inachemka, ipumzishe. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alikuwa anapiga uani kwake kwa mwanga wa mchana na shuka la kitanda chake kama pazia la nyuma, na leo picha zake zinatundikwa kwenye makumbusho Ulaya na Marekani. Alijua uani kwake mwanga unakaaje.

Naliomba gazeti lako lituwekee hata robo ukurasa mara moja kwa mwezi kwa ajili ya vijana wa kamera wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, ni wengi na wanakopa. Wengi wananunua kwanza wanauliza baadaye kwa sababu hawana pa kuulizia.

Na nina shida yangu moja wasomaji wanisaidie. Kitambaa cha mbele cha softiboksi yangu kimeshakuwa cha njano kwa kufuliwa, picha zinatoka na joto ambalo silitaki, fundi wangu wa cherehani Mwanjelwa alinishonea cha tetroni kikawa kizuri miezi minne nacho kikabadilika. Kama kuna mtu Iringa mjini au Mafinga kapata kitambaa cheupe kinachovumilia sabuni na kubaki cheupe, aandike hapa hapa aseme kinaitwaje na anakifuaje.

Mama mpiga picha,
Ilomba, Mbeya